Ng'ombe wa Isaro

Jioni ile Kanyana alipitia dukani kununua maziwa. Yalikuwa yamekwisha tena.

Jambo hilo lilianza kumkera. Nyumba yao ya kupanga pale Louisville ilikuwa ya watu watatu tu: yeye, mumewe Ruhimbika, na mtoto wao wa pekee, Nkusi, aliyekuwa ameanza shule mwaka ule wa 2015. Ruhimbika hanywi maziwa, tumbo linamsumbua. Nkusi hunywa kikombe kimoja, tena kwa kubembelezwa. Lakini kila galoni aliyoileta Kanyana akitoka kazini Jeffersontown, kesho yake ilikuwa tupu ndani ya friji, kifuniko kimefungwa vizuri.

Alifungua mlango. Nje theluji ilikuwa imeanza kudondoka. Ndani...

Harufu.

Akasimama palepale kizingitini. Haikuwa harufu ya chakula wala ya takataka. Aliijua tangu utotoni, milimani juu ya Uvira, kabla vita havijawatawanya: ngozi yenye umande, samadi, na pumzi ya moto ya mnyama anayecheua. Kwa watu wa milimani hiyo ndiyo harufu ya nyumbani. Mahali pengine ingemtoa machozi ya furaha. Lakini ng'ombe afuate nini ghorofa ya pili, Kentucky?

Nkusi alikuwa amekaa sakafuni, mbele ya picha kubwa ya ukutani.

"Baba iko wapi?"

"Amelala," mtoto alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Kisha akaongeza kitu kwa sauti ya chini, bila kugeuka. "Elle a faim, maman."

Ana njaa, mama. Kanyana alikisoma Kifaransa shuleni Uvira, kwa fimbo. Nkusi hakuna aliyemfundisha hata neno moja.

"Nani iko na njaa?"

Mtoto akanyoosha kidole.

Picha hiyo ililetwa na Isaro. Na Isaro hakuwa mtu baki. Yeye na Kanyana walichunga pamoja, wakakimbia vita pamoja, wakalala mkeka mmoja kambini Burundi wakijifunika kitenge kimoja. Amerika ndiyo iliyowatenganisha. Kanyana alitupwa Louisville, Isaro akatupwa Buffalo. Kila mmoja akazaa mtoto wa kiume, na majira ya baridi yaliyotangulia, mtoto wa Isaro, Rugaba, akafa kwa homa ambayo madaktari waliitafutia jina wakalikosa. Kanyana alipanda basi hadi Buffalo. Akalala kwa Isaro kule East Side, akamshika kiuno kaburini asianguke. Baada ya msiba Isaro alihamia Columbus. Alisema hewa ya Buffalo inamkaba.

Wakati wa joto akaja Louisville kuwatembelea, amebeba kitu kikubwa alichokifunga kwenye kitenge. Kanyana aliwaita majirani na watu wa kanisani, wakapika, wakakaa. Isaro akafungua kitenge chake mbele ya wote. Ndani mlikuwa na picha ya zamani iliyochorwa Ufaransa kwa rangi ya mafuta, imepasukapasuka kama tope lililokauka. Binti mdogo wa gauni jeupe alikuwa ameshika utepe wa buluu. Mwisho wa utepe, ndama mweupe. Ndama wa kuchezea, kama wengine wanavyofuga paka. Isaro alisema alipewa na bibi mzee ambaye yeye Isaro alikuwa akimtunza kwa mshahara kule Cheektowaga, jirani na Buffalo.

"Dada, nimekuletea ng'ombe," alisema.

Nyumba nzima iliangua kicheko. Watu wa milimani na ng'ombe wao! Kwao, ng'ombe ndiye udugu wenyewe. Ukipewa ng'ombe unampokea kwa mikono miwili, unamsifu aliyekupa mbele ya watu, na siku ng'ombe akizaa, ndama wa kwanza unamrudisha kwa aliyekupa. Hakuna karatasi, mdomo unatosha. Sasa Amerika mtu atafuga wapi? Ndiyo maana utani ule ulikuwa mtamu.

"Akizaa, unajua," Isaro alisema.

"Akizaa, ndama ya kwanza nitakuletea mimi mwenyewe, mpaka mlangoni!" Kanyana alijibu huku akicheka, fremu mikononi. Watu wakapiga makofi na vigelegele.

Isaro peke yake hakucheka. Kanyana, kwa moyo wake mwema, alidhani ni msiba.

Ahadi ni deni, walisema wahenga. Hawakusema kwamba ahadi ya utani ina punguzo.

Jioni hiyo ya maziwa, Kanyana aliitazama picha kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Kuitazama hasa. Yule hakuwa ndama tena. Alikuwa ng'ombe mzima, pembe zimechomoza, ubavu umejaa, kiwele kimevimba. Mimba. Na yule binti, ambaye midomo yake ilikuwa imefumbwa siku alipoletwa, sasa alikuwa anatabasamu.

Kanyana aliivua kanga yake, akaifunika picha haraka, akamburuta mtoto chumbani. Nyuma yake, sebuleni...

Tok. Tok.

Kwato juu ya mbao.

Asubuhi ilikuwa Jumamosi. Kanga aliikuta sakafuni, imeloa, inanata. Tumbo la ng'ombe lilikuwa limepwaya. Ng'ombe alikuwa ameinamisha kichwa, ulimi nje, analamba. Lakini alikuwa analamba hewa. Hapakuwa na ndama popote. Utepe wa buluu ulitoka mkononi mwa binti, ukapita miguuni mwa ng'ombe, ukaenda hadi ukingo wa fremu.

Ukaishia hapo, kana kwamba mwisho wake uko nje.

"Nkusi!"

Mtoto alitoka chumbani akipikicha macho. Nywele zake zilikuwa mbichi, zimelala zote upande mmoja, kama manyoya ya ndama aliyetoka kulambwa na mama yake. Shingoni alikuwa na mstari. Mwembamba. Wa buluu.

Kanyana alipiga yowe. Ruhimbika akaamka, akatazama, akaanza kumtafuta mchungaji kwenye simu. Kanyana hakungoja maombi. Hasira ilikuwa imeshampanda kichwani, na mwenye hasira hana breki.

"Ninamurudishia kitu yake," alisema. "Leo."

Alitia picha nyuma ya gari. Mtoto akamfunga mkanda kiti cha nyuma. Angemwachaje? Ruhimbika alikuwa anaingia kazini mchana, na yeye alishaapa kutomwondoa Nkusi machoni pake. Ndivyo mama yeyote angefanya. Ndivyo pia alivyotegewa.

Njiani alimpigia Isaro.

"Minakuja kwako."

"Karibu, dada. Unakuja na mutoto?"

"Niko naye."

Akasikia pumzi ndefu upande wa pili, kama ya mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Bon. Kuja polepole. Barabara iko mbaya."

Nkusi alikuwa kimya tangu Kentucky. Walipoanza kuyaona majengo ya Columbus, akaanza kuimba kwa Kifaransa, anapigapiga miguu kwa furaha.

Giza lilikuwa linaingia walipofika. Kanyana alimshika mtoto mkono mmoja, picha akaikumbatia kwa mwingine. Hakuwahi kubisha. Mlango ulifunguliwa.

Nyuma ya Isaro, sebuleni, palikuwa na kitanda kidogo kilichotandikwa mashuka mapya. Viatu vya mtoto vimepangwa ukutani. Mezani kikombe cha maziwa kilikuwa kinatoa moshi.

"Chukua ng'ombe yako," Kanyana alisema. Akaisukuma picha mbele.

Isaro hakuitazama hata picha.

"Ng'ombe ni yako, dada. Nilikupa. Mi nilikuwa nangoja ndama tu." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Na umeniletea wewe mwenyewe. Mpaka mlangoni."

Mkono mdogo ulichomoka mkononi mwa Kanyana.

"Mama!"

Nkusi alikimbia. Isaro akapiga magoti, akampokea kwa mikono miwili, akazika pua shingoni mwake.

Kanyana alitaka kupiga kelele, akaishia kunong'ona.

"Isaro... Tulilala mkeka moja."

"Njo maana nilikupa wewe. Mutu mwingine angeuliza maswali. Wewe ungepokea na furaha." Aliongea bila kuinua kichwa. "Ile bibi wa Cheektowaga njo alinifanyia vile. Alinipa, nikasema asante, nikasema nitamurudishia kitu muzuri. Kisha Rugaba akaanza kumuita maman. Kila jioni analia apelekwe kwake. Mi nikakataza. Nikafunga mulango na funguo. Alilia mpaka akaisha."

"Kwa hiyo ukachagua mutoto wangu."

"Ni ndama ya kwanza tu, dada. Wenye watafuata watakuwa wako."

Kikulacho ki nguoni mwako. Kanyana aliwahi kuyasema maneno hayo juu ya watu wengine, hata siku moja si juu ya Isaro. Aliitupa picha barazani. Akamnyakua mwanawe kutoka mikononi mwa yule mwanamke, akambeba akipiga mateke hadi kwenye gari. Isaro hakumzuia. Alisimama mlangoni na kikombe cha maziwa.

"Usimukataze, Kanyana," aliita kwa upole. "Mi nilikataza."

Mtoto alilia njia nzima, hadi sauti ikamkauka.

Nyumbani Louisville waliikuta picha ukutani, mahali pake. Ruhimbika aliiteremsha, akaipasua kwa shoka, na mchungaji akaja wakaichoma nyuma ya nyumba huku wanaomba. Iliungua kwa harufu ya maziwa. Usiku uleule homa ya Nkusi ikapanda.

Hospitali waliipima damu yake, hawakuona kitu. Chakula hali. Kwa Kanyana amekuwa na adabu ya mgeni: asante, tante, samahani, tante. Tante, yaani shangazi. Kosa moja hana. Hilo ndilo linalomuua Kanyana, maana mtoto anayekuchukia utamtuliza, lakini huyu hana kinyongo chochote. Anamwona mtu mwema aliyemhifadhi kwa muda.

Kila jua linapozama, mtoto huvaa koti lake mwenyewe. Huvaa viatu, kushoto kulia, bila kukosea. Huenda kusimama mlangoni.

Jana alikuwa hawezi kusimama. Alikaa chini, mgongo ukutani, mbavu zinahesabika, mstari wa buluu umezidi kukolea shingoni.

"Tante," alisema. "Mama ananingoja."

Kanyana alipiga magoti mbele yake. Alinusa nywele zake. Zilinuka ng'ombe, zilinuka milimani, zilinuka mtoto wa mtu mwingine. Akamfunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, taratibu, hadi cha juu.

Kisha akanyanyuka, akachukua funguo za gari.