Majani Yaliyokatwa kwa Wivu

Marlys Kvamme alikuwa jikoni akikaanga mayai. Dale, mume wake, alikuwa ametoka kukamua ng'ombe. Alinawa mikono, akamimina kahawa, akatazama nje dirishani. Ng'ambo ya barabara lilikuwa shamba la Joanne Pfeifer, jirani yao mjane.

"Jana nilipita ghalani kwa Joanne," Dale alisema. "Ungeyaona majani yake! Makavu, lakini bado ya kijani. Ng'ombe wake wanayatafuna kama biskuti."

Marlys aliweka sahani mezani kwa kishindo. "Basi hamia huko ukatafune nao."

Dale alicheka. Marlys hakucheka.

Kwenye vilima vile vya Wisconsin, kila mfugaji hukata majani wakati wa kiangazi. Huyaanika shambani, huyafunga marobota, kisha huyaweka ghalani. Hicho ndicho chakula cha ng'ombe theluji inapoanguka. Majani ya Marlys yalinyeshewa kila mwaka, yakawa meusi. Ya Joanne hayakunyeshewa hata mara moja.

"Mwanamke yule ana bahati gani?" Marlys alijiuliza. Roho ilimuuma.

Redio ilikuwa ikisema, "Huu ni utabiri wa hali ya hewa wa mkoa wetu. Leo kutakuwa na jua na joto kali. Upepo utavuma kutoka kusini..."

Marlys aliizima. Jua lipo. Alitaka kujua nini zaidi?

"Tunakata leo," alimwambia Dale. "Safari hii tunamtangulia."

Marlys alipokuwa akikata, Joanne alikuja mpaka kwenye ua. Alipunga kofia yake. Marlys alisimamisha trekta.

"Jirani, ulisikiliza utabiri mpaka mwisho?" Joanne aliuliza. "Kuna hewa baridi inakuja kutoka magharibi. Kesho itafika hapa na mvua ya radi. Mimi nangoja ipite kwanza."

"Ngoja wewe. Mimi siombi ruhusa ya mtu kukata majani yangu."

"Sijasema uombe, Marlys."

"Haya, siku njema."

Marlys aliwasha trekta. Anataka nichelewe, aliwaza, ili yeye awe wa kwanza tena.

Siku ya pili joto lilizidi. Nguo ziliwaganda mwilini. Upepo wa kusini ulileta unyevu, na majani hayakukauka. Alasiri, mawingu meusi yalijipanga upande wa magharibi kama ukuta.

Dale aliokota majani machache akayasokota mkononi. "Bado mabichi haya. Yanapindika tu, hayavunjiki."

"Funga hivyo hivyo! Sitaki mtu anicheke."

Walifunga marobota, wakajaza tela moja la trekta, wakaliingiza ghalani. Waliporudi shambani kuchukua mengine, ngurumo ilisikika. Dale alitaka kurudi nyumbani. Marlys alikataa.

Ndipo pikapu ya Joanne ilipoingia shambani ikipiga honi mfululizo.

"Shukeni!" Joanne alipiga kelele. "Trekta ndicho kitu kirefu kuliko vyote hapa katikati ya shamba! Mnataka radi iwakute juu yake? Ingieni humu!"

Dale alimvuta Marlys mkono. Walikimbia, wakaingia, wakafunga milango na vioo. Mvua ilishuka kwa nguvu. Mara mwanga mkali ukapiga, na mti wa pembeni mwa shamba ukapasuka katikati.

"Umekuja kutucheka," Marlys alisema.

"Nimekuja kwa sababu nimewaona," Joanne alijibu. "Ningekaa kwangu nikiwaangalia mnakufa? Sasa niambie, kuna majani mabichi mmeshaingiza ghalani?"

"Tela moja," Dale alisema.

"Yatoeni mara tu dhoruba ikiisha. Majani mabichi yakibanwa hupata joto ndani kwa ndani. Ghala la baba yangu liliteketea hivyo. Hakuna aliyewasha kiberiti."

Dhoruba ilipopita, Marlys aliingiza mkono katikati ya robota. Lilikuwa limeanza kuwa vuguvugu.

"Bado ni mapema, yanaweza kutolewa," Joanne alisema. "Lakini ukikaa siku kadhaa ukayakuta ya moto sana, au yanatoa moshi, usiyavute. Hewa ikiingia yanawaka. Waite zimamoto kwanza."

Walisaidiana kuyatoa yote nje. Jasho liliwatoka, lakini hewa ilikuwa imebadilika. Ilikuwa baridi na nyepesi.

"Unausikia upepo?" Joanne aliuliza. "Sasa unatoka kaskazini magharibi. Hewa baridi ni nzito. Inapokuja hujipenyeza chini ya hewa ya joto na kuisukuma juu. Hapo ndipo mawingu na radi hutokea. Ikishapita, huja siku kavu mfululizo. Siku hizo ndizo za kukata."

Marlys alimtazama. "Kumbe si bahati?"

"Bahati gani? Nasikiliza redio mpaka mwisho. Nasikiliza mambo matatu: mvua inakuja lini, upepo utageukia wapi, na siku kavu ni ngapi baada ya hapo."

Marlys aliinamisha kichwa. "Nilikuwa nakuonea wivu, Joanne. Hata ulipokuja kunionya, nilidhani ni hila."

"Nilijua," Joanne alisema. "Unapowasha trekta kwa hasira, mtaa mzima unajua."

Dale aliangua kicheko. Safari hii Marlys naye alicheka.

Kiangazi kile kile, majani yalipoota tena, redio ilitangaza hewa baridi nyingine. Marlys alikaa kimya mpaka mtangazaji alipomaliza. Aliona majirani wengine wakikata. Mikono ilimwasha, lakini alingoja. Mvua ilinyesha, ikapita. Upepo ukageuka. Ardhi ilipokauka, alikata. Alipoyasokota majani mkononi, yalivunjika. Ndipo alipoyafunga.

Joanne alikuja kuyaona ghalani. Alichomoa majani kidogo, akayanusa, akayatazama kwa muda mrefu. Uso wake ulikunjamana.

"Hivi," alisema polepole, "mbona yako ni ya kijani kuliko yangu?"

Jioni ile, Marlys alipokuwa akikamua ng'ombe, Dale alimsikia akiimba.