Jeraha la Kazini Halifichwi

Mwaka 1995 wakimbizi walikuwa wamejaa Ngara, na ofisi za kuwahudumia zilichipuka kila upande. Kila ofisi ilitaka uwanja nadhifu. Ndipo Projestus wa Bugarama akapata kazi ya kufyeka nyasi na kupunguza michongoma. Aliyemwombea kazi ni nyapara Pancras, baba wa ubatizo wa mwanawe.

Siku moja fyekeo lenye mpini uliolegea likamchana muundi hadi mfupa. Alipoulizwa zahanati, alisema ameumia nyumbani akipasua kuni. Jamani! Damu inamtiririka, naye anamwonea haya nyapara.

"Pancras alimsimamia mwanangu kanisani," alimwambia mkewe Jovina. "Leo nimshitaki?"

Jovina aliumia moyo. Mvua zilikaribia, shamba halijalimwa, na kidonda kilianza kutoa usaha. Aliogopa mumewe angekatwa mguu. Asubuhi alikwenda kwa jirani yao, mzee Bulugu, aliyewahi kuwa kiongozi wa wafanyakazi kiwandani. Baada ya shikamoo, akamweleza yote.

Bulugu alimfuata mgonjwa kitandani.

"Humshitaki Pancras," alisema. "Unamdai mwajiri. Aliyeumia kazini ana haki ya matibabu na fidia. Lakini ukidanganya zahanati, umejinyima haki kwa mdomo wako mwenyewe."

Basi wakarudi zahanati. Projestus akasema kweli, na muuguzi Domisiana akaandika siku, mahali na jinsi alivyoumia. Bulugu akawasaidia kuandika barua kwa mwajiri, na nakala kwa Afisa Kazi. Mwajiri akakana, akidai mtu huyo aliumia nyumbani kwake mwenyewe, si kazini. Shahidi alikuwa mmoja tu, Pancras.

Jovina hakungoja. Alimfuata nyapara hadi nyumbani kwake, akamwomba aseme alichokiona. Pancras aliinamisha kichwa.

"Nilijua mpini umelegea," alisema. "Nikawaambia mabwana ofisini, hawakusikia. Nilidhani Projestus ananichukia, ndiyo maana sikuja kumwona. Shemeji, nitasema."

Akasema kweli, mbele ya Afisa Kazi, bila kumung'unya maneno. Daftari la mahudhurio lililetwa, na jina la Projestus lilikuwamo siku ile. Mwajiri akanywea. Akagharimia matibabu hospitalini, akalipa fidia. Mguu ukapona! Wakati wa palizi Projestus alisimama shambani kwa miguu yake miwili, na Jovina akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka.

Sasa pale ofisini kila fyekeo hukaguliwa kabla ya kazi. Anayeumia, hata kwa mchubuko, huandikwa siku ileile. Na anayeshika kalamu ni Pancras.