Kahawa Nyeusi, Saa Nne

Lifti ilikwama ghorofa ya tano. Ndani yake alikuwemo dada muuzaji wa mashine za kuchuja maji, gauni la kijani, boksi kifuani, jasho puani. Fundi wa lifti alipofanikiwa kufungua mlango, hata asante hakuipata.

"Nina wateja ghorofa ya tisa, saa nne kamili! Nikichelewa wataahirisha. Na wakishaahirisha, ndiyo basi tena."

"Lete boksi," fundi akasema, akapanda nalo ngazi mbio. Aliposhuka, moyo wake aliuacha huko juu.

Miezi minane baadaye walikuwa wanaitana mpenzi, na Jumamosi ilikuwa siku ya fundi kwenda kujitambulisha kwa wazazi wa dada. Ndipo siku ya Alhamisi mchana simu ya dada, iliyokuwa mezani ikichajiwa, ikawaka. Jina: Kahawa Nyeusi. Ujumbe: "Kesho saa nne nakusubiri kwa hamu. Bila sukari, usisahau."

Fundi hakuwa mtu wa kupekua simu, lakini siku hiyo alipekua. Akamkuta Tangawizi. Akamkuta Maziwa Mengi. Wote waliulizwa kwa upole uleule: chai au kahawa? Wanaume watatu! Kwa wivu akaondoka bila kuaga. Jioni akapiga simu.

"Jumamosi tuahirishe, mpenzi. Kazi zimenibana."

"Zimekubana, au kuna jambo?"

"Jambo gani?"

"Mama ameshashona pazia jipya kwa ajili yako," dada akasema. Fundi akakata simu.

Asubuhi akamfuata kwa mbali mpaka kwenye zahanati moja, akachungulia dirishani. Kahawa Nyeusi alikuwa mama wa makamo, mtunza stoo, miwani puani, kikombe cha kahawa mkononi, akiitazama mashine ya dada ikitoa maji safi. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Dada alimkuta nje.

"Umenifuata?"

"Nilisoma simu yako. Nisamehe. Lakini kwa nini vinywaji?"

"Nikimuuliza mteja kama miadi bado ipo, nimempa nafasi ya kusema haipo. Nikimuuliza atakunywa nini, anachagua kinywaji, na kesho yake namkuta ananisubiri. Ndiyo maana nawahifadhi simuni kwa vinywaji vyao."

"Mbona mimi hujawahi kuniuliza?"

"Kwa sababu wewe nilijua utakuja."

Fundi aliinamisha kichwa. Hakuna tusi ambalo lingemuuma kuliko hilo.

Dada akatoa simu, macho yamelowa. "Haya. Kesho, saa sita, nyumbani kwetu. Chai au kahawa?"

"Chai," fundi akajibu taratibu. "Vijiko viwili."

Akamwona akilifuta jina alilomhifadhia simuni, Mpenzi, na kuandika: Chai, Vijiko Viwili.

"Hilo utalirudisha lini?"

"Kesho," dada akasema, akinyanyua boksi lake. "Nikisikia unabisha hodi."

Fundi akampokea boksi.