Mlango wa Nyuma wa Lori la Machogu

Jioni hiyo Mama alinituma kitu cha kawaida kabisa: nimpelekee Machogu uji. Birika mkono mmoja, kikombe mkono mwingine, nishuke kati ya majani chai mpaka kando ya barabara ya Itumbe, ambako kaka yangu alikuwa ameegesha lori lake. Ilikuwa Agosti, mwaka wa sabini na tatu. Chuo kikuu kilikuwa kimefungwa, nami nilikuwa nimerudi nyumbani Nyamira na maneno mengi kuliko nguo.

Naanza na uji kwa sababu sitaki mtu aniambie nilikwenda kutafuta mambo. Kule chuoni, kwenye mdahalo, niliwahi kusimama mbele ya ukumbi mzima nikasema kwamba uchawi ni jina ambalo watu waoga humpa mwanamke mzee asiye na wa kumtetea. Nilipigiwa makofi. Na bado nasema hivyo. Neno hilo silirudishi, hata baada ya haya.

Lori lenyewe lilikuwa Bedford ya jeshi, iliyostaafishwa, chini yake viraka vitupu vya chuma. Machogu aliinunua kwenye mnada kule Gilgil, akaiendesha mpaka nyumbani ikikohoa njia nzima. Wazo lake lilikuwa zuri, nampa haki yake: kuligeuza lori liwe nyumba ya kusafiria, apeleke watalii mbuga ya Mara kwa njia ya Kilgoris, ambako magari madogo huzama kwenye tope mpaka milangoni. Watalii wangelala humohumo na kupika humohumo. Alitoa turubai, akasimamisha kuta za mbao, akaezeka mabati. Akaweka vitanda vya kukunjwa ukutani, pipa la maji, na jiko la makaa lililofungwa kwa bolti sakafuni lisije likaruka. Ule mlango wa nyuma wa chuma, ambao wanajeshi huushusha ili waruke chini, aliukaza kwa bolti pande zote, kisha akaufunika kwa mbao ndani na nje. Akakata mlango mpya ubavuni, wenye kitasa na pazia.

"Wazungu hawaruki," aliniambia. "Wanashuka kwa ngazi, kama maaskofu."

Shida ilianza siku ya moto.

Kwetu nyumba mpya haiwashwi kwa kiberiti. Moto wa kwanza huazimwa: kaa linatolewa kwenye meko ya watu, linaletwa likiwa hai. Sasa Machogu alimaliza jiko lake Jumamosi, na sisi ni Wasabato, siku hiyo hatuwashi moto. Tangu Ijumaa jioni meko ya Mama yalikuwa majivu baridi. Mtu mwenye subira angengoja. Machogu alilitazama jua likizama, Sabato ikaisha, na kabla Mama hajapanga kuni yeye alikuwa ameshakimbilia kwa jirani yetu Mkatoliki, bibi Mong'ina, akarudi na kaa kwenye kigae. Mong'ina alikuja nyuma yake polepole, akainama, akalipuliza jiko mpaka likashika.

Giza lilipoingia, ndani ya lori kukaanza kugongwa.

Ngo. Ngo. Ngo.

Kama mtu mwenye adabu anayebisha hodi. Ila ndani hamkuwa na mtu.

Ikawa hivyo kila jioni. Kisha Nyasani, fundi aliyemsaidia Machogu kupiga mbao, akajitolea kulala humo alinde vifaa. Asubuhi walimkuta ameketi katikati ya majani chai, macho wazi, kinywa kimejaa vumbi. Vumbi jeupe, laini kama unga. Hapa kwetu udongo ni mwekundu na mvua hunyesha kila alasiri... Nyasani hakusema neno siku hiyo. Wala iliyofuata.

Basi jioni ile ya uji nilikuta watu wamelizunguka lori. Mbele yao alikuwa Omwenga, mwenyekiti wa kituo chetu cha kununulia majani chai, mtu ambaye hata salamu huitoa kama hotuba. Mkononi alikuwa na debe la mafuta ya taa. Machogu alikuwa anatazama viatu vyake.

Niliuliza mafuta ni ya nini. Nikaambiwa, bila haya, kwamba wanapanda kwa Mong'ina, kumchoma mchawi. Kwamba yule mama alipompoteza mwanawe ndipo alipoanza kuwatafuta wa wenzake. Mwanawe wa pekee, Ombui, alikuwa dereva wa jeshi wakati wa vita vya shifta kule kaskazini. Lori lake, limejaa askari, lilikanyaga bomu mchangani. Kilichorudi nyumbani ni habari tu, kaburi hakuna.

Mwanamke amepoteza mtoto, nao wanamhesabia kuwa ni kosa lake.

"Lori lilikuwa kimya mpaka moto wake ulipoingia," Omwenga aliniambia. "Nyasani hasemi. Unataka ushahidi gani mwingine, msomi?"

"Ushahidi kwamba Nyasani hakulewa chang'aa."

Wawili watatu walicheka. Omwenga hakucheka.

"Basi ingia wewe, Mokeira. Ukalale."

"Silali. Nitakaa mpaka Mama atuite kula. Nikitoka mzima, yule mama hamumgusi. Si leo, si Krismasi."

"Na usipotoka mzima?"

Kwenye mdahalo, hapo ningekuwa nimepoteza alama. Nilimpa Machogu birika, nikachukua kandili, nikapanda ile ngazi ya maaskofu.

Nikafunga mlango nyuma yangu.

Ndani kulinukia mbao mpya na gundi. Nilitundika kandili juu ya pipa, nikaketi kwenye kitanda kilichoshushwa. Kile cha pili kilikuwa kimekunjwa ukutani, mbele yangu, komeo limefungwa. Mvua ilianza kupiga mabati. Nilisikia Omwenga akikohoa nje, na Machogu akiniuliza kama niko sawa. Nikamjibu niko sawa.

Kisha nikaacha kuwasikia.

Si kwamba walinyamaza. Mvua pia iliondoka masikioni, wakati dirishani maji yalikuwa bado yanatiririka.

Harufu ikabadilika. Kulinukia joto. Mchanga uliokaushwa na jua, ngozi ya mbuzi, mafuta ya gari yaliyoungua... na chini ya hayo, nywele zilizoungua. Ulimi wangu ukakauka. Nilipofumba kinywa, meno yalisaga vumbi.

Ngo.

Ukuta wa nyuma. Pale palipokuwa na ule mlango wa chuma.

Ngo. Ngo.

Nilijiambia ni mbao. Mbao mbichi hupasuka zikikauka, hilo kila fundi analijua. Nilikuwa bado najieleza hivyo pale komeo la kitanda cha mbele lilipofunguka.

Polepole.

Kitanda kikashuka. Godoro la sponji likabonyea katikati, kama linavyobonyea mtu anapoketi.

"Mama amewasha moto," sauti ikanong'ona.

Ilisema kwa Kigusii. Sauti ya kijana, lakini imekwaruzwa, kama koo limejaa mchanga.

Nilikusanya sauti yangu ya ukumbini. Ilitoka nyembamba. "Wewe ni nani?"

"Nimesikia harufu ya meko yetu." Godoro likainuka. Hatua za buti zikapita karibu na magoti yangu, nzito, na pindo la sketi yangu likapepea. "Nimeutafuta mlango. Ulikuwa hapa."

Ngo.

"Ulikuwa hapa. Wenzangu waliruka hapa kila siku. Nani ameufunga?"

Hapo ndipo nilipoelewa, na uelewa ule ulinitisha kuliko sauti. Jioni zote zile watu walidhani ni kitu kilichotumwa kudhuru. Kumbe Ombui alikuwa anabisha atoke, ndani ya lori lake mwenyewe.

Sijui nilifungua vipi ule mlango wa ubavuni. Najua nilijikuta kwenye ngazi, mvua usoni, watu wote wananitazama, na debe la Omwenga liko palepale.

"Sema," alisema.

Nilikuwa na pumzi moja ya kufikiria. Nikisema nimemsikia Ombui, nimemwua mama yake: watasema ndiyo hivyo, ni mwanawe, ni moto wake, watapanda kwake na mafuta yao. Nikisema hakuna kitu, kesho jioni kitagonga tena, nao watarudi nikiwa nimeshaitwa mwongo. Watu hawa walihitaji kitu cha kushika mkononi.

"Kuna ubao umelegea nyuma," nilisema. "Upepo unaubamiza kwenye chuma. Machogu, leta nyundo na spana. Huo mlango unafunguliwa sasa hivi."

Machogu alinitazama. Alinijua tangu nikiwa mgongoni kwa Mama. Aling'oa mbao, moja moja, akazitupa kwenye matope. Akalegeza bolti. Ya mwisho ilipotoka, mlango ule wa chuma ulianguka kwa kishindo, ukaning'inia kama siku zake za jeshi.

Upepo ukatoka ndani ya lori.

Upepo wa moto, mkavu, katikati ya mvua. Ulitupita mmoja mmoja. Kandili zote zilizimika. Nilimsikia Omwenga akimtaja Yesu, mara moja, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo.

Tulisimama tukisikiliza mpaka Mama akaita watu wa kula. Hakuna kilichogonga.

"Nendeni mkawashe taa kwa hayo mafuta," nikawaambia. Kuna aliyecheka gizani, na kicheko hicho ndicho kilichomwokoa Mong'ina. Watu wakianza kumcheka Omwenga, hawawezi tena kumfuata. Walitawanyika. Nilikula ugali kama mtu aliyeshinda.

Alfajiri nilichukua maziwa nikampelekea bibi. Nilitaka nimwone kwa macho yangu, mzima.

Nilimkuta nje ya nyumba yake, amejifunika shuka, ameketi kwenye kigoda kwenye ule ukungu wa baridi. Nilimwamkia, "Bwakire." Akaitikia. Uso wake ulikuwa umelainika kuliko nilivyowahi kuuona. Nikamuuliza kwa nini anakaa kwenye baridi wakati ndani kuna moto.

"Ombui amekuja," alisema polepole, kama mama asiyetaka kuamsha mtoto. "Amekula. Amelala kitandani kwangu."

Nikamwambia nimefurahi. Mungu anisamehe, sikujua neno lingine.

"Nami nimefurahi, mwanangu." Alivuta shuka shingoni. "Yeye namjua. Lakini hawa wengine siwajui. Wamejaa ndani, nimekosa hata pa kuketi. Wanauliza njia, na mimi njia za mbali sizijui."

Niliangalia mlango. Kutoka barabarani, kupitia majani chai, mpaka kizingitini, kulikuwa na nyayo za buti. Nyeupe, kavu, juu ya matope mekundu. Si za mtu mmoja. Si za watu wawili. Na zote zilielekea ndani.

Jua lilikuwa linakaribia kutoka. Wachuma chai wangepita hapo muda si mrefu, na Omwenga mbele yao, akiwa na aibu yake ya jana anayotafuta pa kuitua. Angeona nyayo zile mara moja tu, na ingetosha.

Nilinyakua ufagio. Nikafagia. Nilifagia kizingiti, nikafagia uwanja, nikafuata nyayo kuelekea barabarani nikizivuruga kwa ufagio na kwa miguu. Vumbi lilipanda likanikaba. Kila nilipofuta na kugeuka, zilikuwepo tena, kidogo, kama mtu anayesogeza mguu huku akingoja.

Nilikuwa nimerudi kizingitini, nimeinama, pale mmoja wao aliponisemesha. Karibu na sikio langu. Kwa Kiswahili cha kambini, chenye lafudhi ya Ukambani.

"Dada... Machakos ni njia gani?"

Sikuinua kichwa. Ufagio mkononi, nilinyoosha mkono ule mwingine kuelekea kunakochomoza jua.

Kitu kikaushika mkono wangu. Kavu. Chepesi. Kilishika taratibu, kama mgeni anayeaga.

"Sijui njia, dada. Nisindikize."

Wachuma chai walikuwa wameanza kusikika upande wa pili wa mlima, wakiimba. Kwetu mgeni akiomba kusindikizwa, hukatai.

"Mpaka barabarani tu," nikanong'ona.

Nikaanza kutembea, na nyuma yangu, ndani ya nyumba, nikasikia watu wengi wakisimama.