Mashine Iliyopewa Jina

Mashine ililia kwa mara ya kwanza siku ya Alhamisi, saa nane na dakika chache mchana, wakati spika yake ilikuwa bado mezani, imeviringishwa katika karatasi iliyokuja nayo. Jambo hilo halina ubishi. Otmar alikuwa mtu wa kuandika. Kila kipande alichokifunga alikiwekea alama katika orodha, na mbele ya neno "spika" siku hiyo hapakuwa na alama yoyote.

Ilikuwa Agosti 1988, katika karakana ya misheni moja upande wa Ushirombo. Otmar, fundi redio wa miaka thelathini na minne, alikuwa akiunganisha kompyuta ambayo hakuwa amewahi kuiona ikiwa nzima. Vipande vilitumwa na marafiki wa paroko, Padre Marselino, aliyesoma ng'ambo. Kompyuta kamili ingehitaji vibali ambavyo hakuna aliyejua vinatolewa na nani, lakini vipuri vilipita. Padre alitaka mashine ya kuchapia mitihani ya shule ya ufundi, na kwa mkono wake mwenyewe alikuwa ametafsiri kurasa ishirini na mbili za kitabu cha maelekezo kutoka Kijerumani. Zaidi ya kurasa hizo, Otmar hakuwa na mtu wa kumuuliza.

Sauti yenyewe ilikuwa ndefu, yenye mkwaruzo mwishoni, kisha ikakatika kama anayevuta pumzi, kisha ikaanza upya. Otmar alikuwa na maelezo: koili ya umeme huimba, na redio nyingi zilikwisha kumwimbia. Akazima. Akakagua aisii za kumbukumbu, vile vipande vyeusi vyenye miguu vilivyopangwa kwa safu, akawasha tena. Ikalia. Alirudia mara kumi na moja.

Mama yake, Bibi Nyamizi, akaingia na bakuli la ugali na mboga kavu ya nsansa, na kikombe cha maji.

"Nani kaacha mtoto humu?"

"Ni mashine, mayu."

"Mashine inataka kunyonya?"

"Mayu, niache nimalize."

"Wiki tatu umeiinamia. Mkeo mwenyewe hujamwinamia hivyo." Akaweka bakuli mezani, akacheka. "Basi tuiulize jina lake ilale, nawe ule."

Ndivyo ilivyokuwa desturi ya nyumba ile na za majirani. Mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, mkubwa wa nyumba humtajia majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine. Jina analolinyamazia ndilo lake. Aliyekuwa nalo amerudi kulidai. Kisha hupulizwa maji kutoka kinywani, na jina limekwisha kutolewa.

"Ni wewe, Maganga?" Bibi aliuliza, mkono kiunoni, kwa dhihaka. Mashine ikalia. "Ni wewe, Mageni?" Ikalia. "Aa, ni wewe, Nkwabi?"

Ikanyamaza.

Bibi alikuwa tayari na funda la maji kinywani. Akalipuliza, kwa mazoea ya miaka arobaini, kabla akili haijaufikia mkono ulioinua kikombe.

Haki inadai lisemwe jambo moja. Otmar alieleza baadaye kwamba wakati jina lile likitamkwa, kidole gumba chake kilikuwa kikikandamiza aisii ya safu ya tatu, nayo ikaingia vizuri katika tundu zake. Maelezo hayo yanatosha kueleza kimya. Hayaelezi yaliyofuata.

"Nimesema nini?" Bibi akanong'ona.

"Umesema jina la baba."

"Najua ni jina la nani! Nakuuliza nimelitoa?"

Otmar aligeukia ukuta wa upande wa nyumbani kwake. Mkewe, Febronia, alikuwa na mimba inayokaribia miezi minane. Watoto wao wawili wa kwanza walikufa, mmoja akiwa na siku tatu, wa pili akiwa na siku tisa; wote walibatizwa kwa majina ya watakatifu tu, bila jina la ukoo. Baada ya wa pili, mfumu, yaani mganga wa pale, Mzee Bujiku, alipasua kuku, akasoma matumbo, akasema kwamba Nkwabi anadai. Nkwabi, mume wa Bibi Nyamizi na baba yake Otmar, alifukiwa na shimo la dhahabu upande wa Geita mwaka 1964. Kwa siku mbili wenzake walimsikia akigonga mwamba kutoka chini: mara tatu, kimya, mara tatu. Siku ya tatu mwenye shimo akaamuru lijazwe udongo, kwa kuwa lilikuwa likitishia mashimo ya jirani, na wakati wa kujaza alikuwa bado anagonga. Kwa hiyo mtoto wa tatu alikuwa ameahidiwa jina hilo tangu wiki za mwanzo za mimba. Bibi alilala nalo na kuamka nalo. Ndiyo maana lilimponyoka. Na jina la marehemu mmoja, katika nyumba moja, hupewa mmoja.

"Usimwambie Febronia," Bibi alisema.

Mashine ilikamilika Jumamosi. Kioo kikawaka herufi za kijani, Padre akapiga makofi, na mtihani wa hesabu ukachapwa. Jumatatu Otmar alisikia harufu. Aliiandika, kwa kuwa aliandika kila kitu: udongo mbichi na baruti. Akafungua kifuniko, akachomoa feni, akaikagua, akairudisha. Harufu ilitoka hata feni ikiwa mkononi mwake. Jumatano kulikuwa na vumbi jeupe juu ya bodi, kavu, lenye chembe zinazokwaruza, kama la mwamba uliosagwa, na karakana ile haikuwa na jiwe la aina hiyo wala misheni yote. Siku ya Ijumaa, jenereta ikinguruma nje na randa za maseremala zikipita upande wa pili wa ua, mchana kweupe, kitu ndani ya sanduku la bati kiligonga mara tatu, kikanyamaza muda wa mtu anayesikiliza kama atajibiwa, kikagonga tena mara tatu.

Nyumba ya Otmar ilipakana na karakana, ukuta ukiwa mmoja. Jioni ile Febronia alimshika mumewe mkono, akauweka tumboni.

"Anacheza?"

"Anacheza."

"Sasa sikiliza. Jenereta ikiwashwa mchana, ukishaiwasha mashine yako, huyu ananyamaza. Hachezi kabisa. Ukizima, anarudi. Nimeangalia siku sita, Otmar. Kuna nini humo ndani?"

Akamwambia. Febronia hakupiga kelele. Aliuondoa mkono wa mumewe tumboni, akasema, "Kanisani bado wananiita Febronia. Wanawake waliofunga ndoa mwaka mmoja nami wote ni Mama fulani. Kamtoe huyo baba yako humo, umrudishe alikotoka."

Mzee Bujiku aliitwa, akaja na kuku mweupe, na hakuwa na maringo. Padre Marselino alimkuta mlangoni.

"Shikamoo, mzee. Kuku hataingia humu."

"Marahaba, Padre. Kuku atabaki nje. Mimi je?"

"Na wewe."

"Basi aingie fundi wako peke yake. Aifungue kama alivyoifunga, kipande cha mwisho kiwe cha kwanza, na kwa kila kipande alirudishe jina. Hilo si la kwangu, ni kazi yake."

Padre alifikiri. Alikubali kwa sababu aliyoiona ya kiufundi: mashine yenye vumbi na kugonga ilihitaji kufunguliwa hata hivyo. Otmar alitandika shuka, akachukua orodha yake, akaisoma kutoka chini kwenda juu. Spika. Feni. Kadi ya kioo. Kwa kila kipande alisema polepole, "Nkwabi, rudi tukupe mahali pako." Alipochomoa aisii ya mwisho harufu ilikatika, na kutoka upande wa pili wa ukuta Febronia akapiga ukelele, uchungu ulikuwa umeanza, wiki tano kabla ya wakati.

Mtoto alizaliwa alfajiri, wa kiume, akilia. Bibi Nyamizi akapiga vigelegele hadi sauti ikamkauka, akamtajia jina, "Ni wewe, Nkwabi?", akapuliza maji.

Mtoto akaendelea kulia.

Akataja tena. Akataja Maganga, Mageni, akataja wajomba, mashangazi, hata wale ambao hakuna aliyekumbuka nyuso zao, na mtoto akalia, na alipopewa titi aligeuza uso kama aliyewekewa kitu cha moto. Sista Euphrasia, muuguzi wa zahanati ya misheni, alimkagua, akasema ni mdogo lakini mzima. Wakamkamulia maziwa, wakamnywesha kwa kijiko, aliyatema yote. Kutwa nzima ikapita, kisha usiku, kisha kutwa nyingine, na kilio kikawa chembamba kama uzi.

Siku ya tatu Padre aliomba mashine ifungwe upya, kwa kuwa mitihani ilikuwa imebakiza siku nne. Otmar alikubali ili mikono yake iwe na la kufanya. Saa nane na nusu mchana, jenereta ikiwa imekwisha kunguruma nusu saa na mtoto akilia nusu saa hiyo hiyo, alibonyeza swichi ya mashine, na kabla kioo hakijapata joto, kilio upande wa pili kikakoma, na Febronia akaita, si kwa sauti kubwa, "Otmar, ananyonya."

Alikimbia akaona. Mtoto alinyonya kwa pupa, macho wazi, na mkono wake mdogo ukipiga kifua cha mama mara tatu, ukitulia, ukipiga mara tatu. Saa kumi na moja jenereta ilipozimwa alilitema titi, akaanza kulia.

Ni sawa kuuliza kama hapakuwa na sababu nyingine, na Sista Euphrasia aliiuliza mapema kuliko wote. Alisema watoto waliozaliwa kabla ya wakati hutulizwa na mvumo. Walijaribu jenereta bila mashine: alilia. Walijaribu feni ya mezani, redio, cherehani ya umeme: alilia. Walimfunga Febronia kitambaa machoni, Otmar akawasha na kuzima bila kumwambia, mara saba; mara saba mtoto alinyonya na kuacha kwa kufuata swichi. Wakapakia mashine kwenye lori la misheni, wakaipeleka kwa mfanyabiashara wa Ushirombo mwenye jenereta yake. Kule iliwaka vizuri, herufi zote za kijani, na mtoto akalia mikononi mwa mama yake hatua mbili kutoka kwenye meza. Wakairudisha karakanani, mahali ilipopulizwa maji, akanyonya. Baada ya hapo Sista aliacha kutoa maelezo, akabaki kumpima uzito.

Mzee Bujiku aliitwa tena. Alikaa chini, akamwangalia mtoto, asiguse kuku.

"Nilikosea," alisema. "Nilidhani jina linatoka kama lilivyoingia. Mtu hafunguliwi kwa bisibisi akatoka mzima. Nusu imekuja kwa huyu. Nusu imebaki mle."

"Basi nifungue tena," Otmar alisema.

"Ukifungua, nusu hii itagawanyika tena. Utabaki na nini?"

"Na nisipofungua?"

Mzee alimtazama Bibi Nyamizi, ambaye tangu mtoto alipozaliwa hakuwa amesema neno, maana aliogopa kinywa chake mwenyewe. "Umlishe," alimwambia Otmar, akaondoka bila kuchukua alichopewa.

Kwa hiyo mtoto aliishi kwa saa tatu za mchana, kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja, kisha, Padre alipoona mwenyewe na kuacha kubisha, kwa saa sita, hadi saa mbili usiku. Aliongezeka kidogo. Wanawake wa jumuiya walianza kumwita Febronia Mama Nkwabi, naye kila alipoitwa alisimama kidogo kabla ya kuitika, kama anayehakikisha kwamba ndiye. Jirani zao walizoea kusikia kupitia ukutani kugonga kule kwa mara tatu, upande wa karakana, na kunyamaza, na kisha, upande wa chumba, mahali alipolazwa mtoto ambaye hakuwa bado na nguvu ya kuinua shingo, kugonga kunakojibu.

Mwishoni mwa Oktoba Padre Marselino alimkuta Otmar kwenye kibanda cha jenereta.

"Pipa hili ndilo la mwisho," alisema. "Mgao wa dizeli haukuja. Nimeandika Kahama, nimeandika Shinyanga. Hakuna aliyeniambia utakuja lini."

"Useremala ukisimama?"

"Umesimama tangu Jumatatu. Pampu nayo. Kinachokula ni mashine yako tu."

"Amekwisha kuanza kushika kidole, Padre."

Padre akaenda zake kanisani kwa hatua za mtu aliyesahau alikuwa akienda wapi.

Otmar alitumbukiza kijiti ndani ya pipa, akakigusisha chini, akakitoa. Kilikuwa kimelowa urefu usiofika kucha. Kupitia ukutani mtoto alikuwa akilia, kilio cha saa nane kasoro, na sauti ya mkewe ikaja juu ya kilio hicho:

"Baba Nkwabi! Mafuta yapo?"

"Yapo," akasema Otmar, akakifuta kijiti kwa kitambaa, taratibu, mpaka kisionyeshe alama yoyote.