Taarifa ya Mbeleko ya Manjano

"Mwizi mwenyewe ndiye huyu!"

Ukumbi mzima wa kupokelea vifurushi uligeuka. Asubuhi ile watu walikuwa wamebanana mbele ya kaunta kama njiti ndani ya kiberiti, kila mmoja akinyoosha shingo kusikia jina lake likiitwa. Katikati yao alisimama mwanamke mwenye mimba kubwa, mkono mmoja kiunoni, kidole cha mkono wa pili kikimwelekea msichana mrefu aliyekumbatia mfuko wa vifurushi vilivyobandikwa jina la duka lake.

Msichana huyo alivaa gauni la kijani lenye mikono mipana, na shingoni alikuwa amesahau kuvua tepu yake ya kupimia. Wateja walimwita Mama Mbeleko, ingawa hakuwa na mtoto wala mume. Alishona mbeleko za kubebea watoto mgongoni, akaziuza kwenye duka lake la mtandaoni. Kila mbeleko aliitia pindo la mkono, na aliyeigusa mara moja hakutaka tena kubeba mtoto kwa kitu kingine.

"Nimelipa siku nyingi!" yule mwanamke alifoka. "Sijapata hata neno moja. Mnakula vya watu halafu mnakaa kimya?"

"Dada yangu, kila anayenunua tunamtumia barua pepe. Na wewe tulikutumia."

"Labda mlimtumia shetani!"

Watu wakaangua kicheko. Mama Mbeleko akaubana mfuko wake kifuani. Hii haikuwa mara ya kwanza. Miezi ya karibuni maneno yalikuwa yamezagaa kwamba duka lake ni la kitapeli, na yeye na shangazi yake, aliyeshona naye, walishakosa wateja hata wakaanza kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

"Samahani, dada," sauti ya kiume ikasema nyuma yake. "Umeangalia kwenye taka?"

Mama Mbeleko akageuka kama aliyechomwa sindano. Msemaji alikuwa kijana mwembamba, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka, begani amening'iniza nyaya zilizoviringishwa.

"Taka? Kazi ya mikono yangu unaniambia iko jalalani?"

"Sijasema na wewe, mrembo. Nasema na mwenye simu." Akamgeukia mwenye mimba. "Fungua barua pepe yako, dada. Shuka chini. Chini kidogo. Hapo palipoandikwa taka, bonyeza."

Mwanamke akabonyeza. Midomo yake ikaanza kusoma polepole. Asante kwa kununua kwetu. Mbeleko yako imeanza kushonwa. Mbeleko yako iko njiani. Kifurushi chako kimefika, njoo ukichukue.

"Kumbe kiko hapa hapa?" akanong'ona. Machozi yakamlengalenga. "Nimekuita mwizi mbele za watu!" Akamvuta Mama Mbeleko akamkumbatia, tumbo likiwa katikati yao, na wote wawili wakahisi mtoto akirusha teke. Mama Mbeleko akapigwa na bumbuwazi. Maneno yake yote yalikuwa yamekwisha kufika, ila yalikuwa yametupwa kwenye chumba ambacho hakuna aliyejua mlango wake.

Alimkimbilia yule kijana hadi kwenye ngazi za nje.

"We kaka! Umejuaje?"

"Ndiyo kazi yangu. Wenzangu wananiita Waya, kwa sababu ya hizi," akapiga nyaya begani, "na kwa sababu ya hii miguu."

Akacheka, naye akajikuta anacheka.

"Sasa nieleze. Kwa nini barua zangu zinatupwa?"

"Mtu akija kwako akasema ametumwa na shangazi yako, halafu hana kitambulisho, utamfungulia?"

"Nitamtolea ufagio."

"Basi. Taarifa za duka lako zinafika kwa mteja, mlinzi wa barua pepe anauliza nani kakutuma, hazina jibu. Tena zinatoka kwenye mashine moja na matapeli, kwa hiyo zinanuka kwa sababu ya jirani. Zingine mlinzi anazitupa takani, zingine anazikataa kabisa, zinarudi na kupanga foleni huko nyuma. Zinasubiri tu."

"Zinasubiri," Mama Mbeleko alirudia. Alifikiria maneno yake yote yaliyosimama gizani, yameshika adabu, hayana pa kwenda.

"Njoo uzitoe," akasema.

*

Waya alikuja. Chumba cha ushonaji kilikuwa ghorofani, dirisha moja pana, cherehani mbili zikitazamana, vitambaa vimepangwa ukutani kwa rangi tangu nyeupe hadi zambarau. Shangazi alimpima kwa macho toka utosini hadi viatuni.

"Huyu ndiye fundi? Baba, unakula kweli wewe?"

"Nakula, shangazi. Hakishiki tu."

Alifanya kazi kwa siku kadhaa, jioni akitoka kazini kwake. Aliandikisha utambulisho wa jina la duka ili kila mlinzi aweze kuuhakiki, akahamisha taarifa zipitie kwenye huduma safi ya kutuma barua, akapekua hatua moja moja: mteja akilipa taarifa itoke, mzigo ukiondoka taarifa itoke. Na kila aliporekebisha kitu alituma barua ya majaribio kwenye simu ya Mama Mbeleko, yeye akiwa kaketi kwenye cherehani ya pili.

Ya kwanza ilisema: *Jaribio. Ukiipata, kohoa.* Ikaingia takani. Hakukohoa mtu.

Nyingine ikasema: *Jaribio. Gauni la leo limekupenda.*

Hiyo ikafika. Mama Mbeleko aliinamia kitambaa asionekane uso.

"Imefika?" Waya akauliza kwa sauti ya kikazi kabisa.

"Imefika."

"Mahali pake?"

"Sijui. Rudia nione."

Shangazi akaguna. "Mitambo ya siku hizi ina maradhi. Enzi zetu mtu alikohoa mlangoni tukajua."

Simu zikaanza baada ya hapo. Asubuhi: "Umeamkaje, mpenzi wa cherehani?" Mchana: "Umekula, au kimegoma kushika?" Wakawa wanaongea hadi chaji inakatika, na kila mmoja akiutafuta waya wa umeme kwa papara kana kwamba nyumba inaungua.

Siku ya kufungulia foleni Waya alipiga simu kutoka kazini kwake. Mama Mbeleko alikuwa anashona, simu ameibana kati ya sikio na bega.

"Kila kitu kiko tayari," Waya akasema. "Zile zilizokwama zimo humu. Kuna za zamani sana. Nizifute, au nizifungulie?"

"Zifungulie!"

"Hata zile za zamani?"

"Zote, Waya! Zimesubiri vya kutosha."

"Haya," akasema.

Kilichofuata hakuwahi kukisahau. Simu yake ilitetemeka mezani mara moja, ikatulia, kisha ikaanza kutetemeka bila kupumua. Wateja walikuwa wanajibu. Mmoja alisema alidhani duka limekufa. Mwingine alituma picha ya pacha wawili, mmoja mgongoni, mmoja kifuani. Bibi mmoja aliandika kutoka nchi ya mbali kwamba mjukuu hakubali kulala bila ile mbeleko. Mama Mbeleko alisimama katikati ya chumba, mkono mdomoni. Miaka yote alifikiri anashona nguo kwenye chumba cha ghorofani. Kumbe alikuwa amebeba watoto wa dunia nzima!

Kisha simu ikaita. Alipokea akitabasamu.

Upande wa pili mwanamke alikuwa analia. "Kwa nini mnaniambia leo? Mbeleko ya mtoto wangu imekamilika, nije kuichukua nimbebe nani? Mtoto wangu nimemzika!"

Simu ikakatika.

*

Uchungu ukikosa pa kutua hutua kwa aliye karibu. Waya alipofika jioni, shati jeupe, uso umejaa bashasha, alikutana na moto mlangoni.

"Umefanya nini wewe? Ungeweza kuzifuta! Unajua umemfanya nini yule mama aliyemzika mtoto wake?"

Waya alisikiliza. Bashasha ikamtoka usoni taratibu.

"Sema neno!" Mama Mbeleko alipiga kelele, machozi yakimchuruzika. "Husemi? Mtu gani usiye na moyo? Kweli wamekuita Waya. Ndicho kilichomo ndani yako!"

Kijana akainamisha kichwa, akashuka ngazi.

Alipopotea, Shangazi alizima cherehani yake.

"Mwanangu, nilikuwepo. Alikuuliza mara mbili. Ukasema zote."

Mama Mbeleko akakaa chini palepale, juu ya vipande vya vitambaa. Alijua. Alikuwa anajua tangu alipoanza kufoka.

Alipiga simu, haikupokelewa. Kesho yake na siku iliyofuata akapiga tena, hivyo hivyo. Hapo akakata shauri: kwanza alipe deni la moyo lililo kubwa zaidi. Alitafuta oda ya yule mama akapata anwani yake, akaenda kabatini akaitoa ile mbeleko. Ilikuwa ya manjano, rangi ya kiini cha yai, pindo la bluu. Aliikunja vizuri.

"Naenda kumwomba msamaha yule mama, hata akinifukuza."

Shangazi akamtazama kama anayetaka kusema jambo, kisha akasema tu, "Nenda."

Nyumba ilikuwa ndogo, safi kupita kiasi, kama nyumba iliyofagiliwa na watu wengi kwa mara moja. Mama mwenyewe alikuwa mdogo kuliko sauti yake ya simuni. Alipoona kilichomo mikononi mwa mgeni, alishika mlango.

"Nimekuja kukuomba radhi," Mama Mbeleko alisema. "Ukitaka niondoke nayo, nitaondoka nayo."

Yule mama alipokea mbeleko, akaifungua yote, akapitisha kidole kwenye pindo mwanzo hadi mwisho.

"Keti," akasema hatimaye. "Msiba ulipokwisha walikuja watu wakabeba kila kitu. Kitanda, vijinguo, hata beseni. Walikuwa na nia njema, siwalaumu. Wakaniambia nisahau. Tangu hapo hakuna anayemtaja. Akitajwa wanaangalia pembeni. Nikaanza kujiuliza, hivi alikuwepo kweli, au niliota?" Akaipapasa mbeleko. "Halafu simu ikalia. *Mbeleko ya mtoto wako imekamilika.* Mtoto wangu! Kuna mtu mahali fulani alikaa akamshonea. Nilikupigia kwa hasira, lakini ile barua nimeisoma tena na tena. Ni hiyo peke yake duniani inayosema nilikuwa na mtoto."

Akajifunika mbeleko mabegani, akaivuta hadi shavuni, akafumba macho. Mama Mbeleko alihisi kama mtu aliyeingia msikitini au kanisani bila kujua, amevaa viatu.

"Na yule kijana wako umwambie sina kinyongo," mama aliongeza alipofumbua macho.

"Kijana gani?"

"Mwembamba. Alikuja jana, akasimama hapo hapo kizingitini, kuingia hakutaka. Akasema kosa ni lake peke yake, nisikulaumu wewe. Halafu akaniuliza kitu ambacho hakuna aliyeniuliza."

"Alikuuliza nini?"

"Mtoto alikuwa anaitwa nani."

*

"Shangazi! Wewe ndiye uliyemwonyesha Waya njia!"

"Mimi ni mzee, sikumbuki," Shangazi alijibu simuni. "Ila anafanya kazi kwenye lile jengo la vioo, nyuma ya benki. Na ukienda vaa lile gauni la rangi ya chungwa."

Akavaa lile la chungwa, gauni lililomkaa kama alizaliwa nalo. Mlinzi wa jengo alimpeleka hadi chumba cha mashine, akamfungulia mlango mzito, na baridi ikamkumba. Ndani kulisimama makabati meusi, safu kwa safu hadi mwisho wa macho, na kila moja lilijaa taa ndogo za kijani zikipepesa. Feni zilinguruma kama mvua kwenye mabati. Waya alikuwa amepiga magoti katikati ya safu, mikono imejaa nyaya. Alipomwona, zikamponyoka.

"Nilikukosea!" Mama Mbeleko alisema kwa sauti, ili asikike.

"Hapana. Uliposema zote ulikuwa hujui kilichomo. Mimi nilijua. Ningekwambia keti kwanza, tuzisome pamoja."

"Basi mbona hukujitetea?"

"Ulikuwa unalia. Mtu analia, unaanzaje kumwambia kosa ni lake?"

Mama Mbeleko alitazama zile taa ili macho yake yapate pa kukimbilia.

"Hizi zinasema nini?"

Waya akasimama kando yake. "Kila moja ikipepesa, kuna mtu anamwambia mtu jambo. Amefika salama. Amejifungua. Amepata kazi. Anaaga. Mimi niko humu kila siku, na bado kuna wakati nywele zinanisimama."

Mama Mbeleko alitazama safu nzima. Zilipepesa, zilipepesa, hazikuchoka. Kati ya zote hizo, aliwaza, mtu aliyejua kuuliza jina la mtoto ndiye huyu aliyesimama hapa, amevaa shati lililokunjamana kwa mara ya kwanza tangu amfahamu.

"Nioe," akasema.

"Nini?"

"Nioe!"

"Feni hizi, sisikii vizuri!"

"NIOE, WAYA!"

Nyuma ya safu mkuu wa kazi wa Waya alichungulia, kikombe mkononi, akabaki ameduwaa. Mama Mbeleko aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto. Lakini Waya alikuwa amemshika mikono yote miwili, na macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Nilisikia tangu mara ya kwanza," akasema. "Nilitaka tu ulirudie."