SOSI YA KIJAPANI ILIYOMEZA FIRIGISI YA BABA MKWE

"Firigisi iko wapi?"

Mzee Jilala aliuliza taratibu tu, mkono ameshanawa, macho yako kwenye bakuli la nyama.



Akageuza mapande ya kuku moja moja. Paja, kidari, bawa, shingo... Akarudisha mkono mezani.

"Nyamizi, nakuuliza wewe. Jogoo umemnyonyoa wewe, umemkatakata wewe. Firigisi iko wapi?"

"Baba, niliisafisha nikaichemsha..." Nyamizi akaishia hapo.

"Halafu ikaota miguu?"

Wote walikuwa wanamwangalia Nyamizi. Kaka yake, mume wake, baba yake mzazi. Hakuna aliyemwangalia Judica, mke wa kaka, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji ya kunawa.

Judica alijua firigisi ilipo. Ilikuwa tumboni mwake.

Na aliuchuna.

Jamani, usikimbilie kwenye komenti kumtukana. Subiri kwanza nikupeleke jikoni, uone ilivyokuwa, halafu utukane ukiwa na ushahidi.

Judica ni Mpare wa Same, mhasibu kwenye ofisi moja ya serikali hapa Bariadi. Mume wake ni Mihayo, Msukuma wa Nkoma, fundi mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Nyamizi ni mdogo wake Mihayo, kwa hiyo ni wifi yake Judica. Aliolewa Migato na kijana anaitwa Yakobo, lakini tangu msimu wa kupanda pamba alikuwa amerudi, anakaa hapo kwa kaka yake.

Kisa cha kurudi?

Mama mkwe wake, Mama Esteria, alikuwa ameweka nyama ya mgeni kwenye sufuria. Mgeni kafika, sufuria inafunuliwa, imebaki supu tupu. Mama akatoka uani akapaza sauti majirani wote wasikie kwamba mwanawe ameoa mdokozi.

Mdokozi. Yule anayefunua sufuria kabla wakubwa hawajala. Huku kwetu mwanamke akishabandikwa jina hilo, hata akienda msibani wanamwangalia mikono.

Nyamizi alisema si yeye. Yakobo, mume wake, aliinamisha kichwa hakusema lolote. Basi binti wa watu akafunga nguo zake kwenye kanga, akapanda bodaboda akaja Bariadi.

Sasa wifi hawa wawili walipendana, sikufichi. Judica akitoka kazini amechoka anakuta ugali wa mtama wa moto, nyumba imedekiwa, na mtu wa kupiga naye stori. Na Judica akipata siku ya kupumzika anaingia jikoni na simu yake kufuata mapishi ya nchi za watu. Kila akijaribu kitu, muonjaji ni Nyamizi.

"Wifi, hiki kinaitwaje tena?"

"Kula kwanza, jina nitakuambia ukimaliza."

Wanacheka mpaka Mihayo anawauliza kuna nini.

Ikafika Jumapili hiyo. Mzee Jilala akaingia kutoka Nkoma, ameongozana na Yakobo. Yakobo amebeba jogoo mwekundu mkubwa, amemfunga miguu kwa kamba ya katani.

"Mwadila, mayu," mzee akamsalimia mkwe wake. Judica akapiga magoti, akaitikia kwa Kisukuma chake cha Upareni, mzee akafurahi. Alimpenda sana huyu mkwe msomi. Alikuwa anamsifu mpaka mnadani.

Judica akarudi jikoni. Mzee akakaa, akasema alichokuja nacho.

"Nataka haya mambo niyamalize leo. Jogoo huyu wa mkwe wangu apikwe. Nikishakula firigisi yake, maneno yamekwisha. Nyamizi anarudi kwake, na habari za sufuria asizitaje mtu."

Ndivyo mzee huyu alivyokuwa anafunga kesi zake. Firigisi ikishaingia kinywani mwake, hukumu imepita.

Tatizo ni kwamba Judica hakusikia. Alikuwa na earphone masikioni, anafuata video ya kupika sosi ya Kijapani. Teriyaki.

Alikuwa ameipania wiki nzima. Soya sosi aliagiza Mwanza. Video ilitaka mvinyo wa mchele, yeye ni mlokole, akaweka siki kidogo na asali ya Nkoma. Akakwaruza tangawizi, akaponda kitunguu saumu, akamimina sukari ya brauni. Ya kuifanya iwe nzito walisema konflawa, hana, akakoroga unga wa muhogo kwenye maji ya baridi.

Sosi ikaanza kuchemka. Ikawa nyeusi, nzito, inang'aa. Ile harufu ya tangawizi na sukari inayoungua kidogo ikajaa jikoni.

Sasa aonje na nini? Jogoo wa kienyeji bado anapigana na moto wa mkaa. Ukimchoma uma, uma unarudi.

Pembeni kulikuwa na kisahani. Juu yake firigisi, imeshachemshwa, imeiva.

"Nionje pembeni tu," akajiambia.

Akakata kipande chembamba, akakichovya.

Ee Mungu wangu, ilikuwa tamu.

Akakata kingine ili ajue kama chumvi imezidi. Kingine ili ajue kama tangawizi inasikika. Kwao Same baba alikuwa dereva wa malori, hayupo nyumbani, na firigisi ilikuwa ya anayewahi. Mkono ulikwenda wenyewe. Aliposhtuka, kisahani kimebaki na mafuta.

Nyamizi akaingia na mkaa. Akaangalia kisahani.

"Wifi, firigisi umeiweka na nyama nyingine?"

Judica hata hakutoa earphone. "Ndiyo, ndiyo. Kila kitu kimo humo."

Hapo tayari ni uongo, lakini ni ule uongo mdogo wa mtu aliyeshikwa na mapishi. Alidhani atasema baadaye, watacheka, yataisha.

Mpaka pale mezani, mzee alipouliza.

Tumerudi pale pale sasa. Jagi mkononi, maneno yamefika kwenye ulimi. *Baba, ni mimi.* Maneno mafupi kabisa.

Akamtazama mzee anayemsifu mnadani. Akamtazama mume wake. Akayameza.

"Kwa hiyo waliyosema Migato ni kweli," mzee akasema.

"Baba..."

"Nyamaza. Nilibishana na watu kwa ajili yako. Nilisema binti yangu simjui kwa tabia hiyo." Akamgeukia Yakobo. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuja kukurudishia mke, kumbe nakurudishia mdokozi. Njoo na wazee wenu nyumbani, uchukue ng'ombe zako za mahari. Mimi sina uso wa kukuomba ukae na binti huyu."

Yakobo akainama. Mihayo akapiga meza.

"Nyamizi, umetuaibisha. Siku ya leo, kweli?"

 Nyamizi alichukua bakuli ambalo hakuna aliyeligusa, akapita pembeni ya Judica mlangoni, akaenda nalo jikoni. Alikuwa anaweza kusema, *wifi aliniambia imo humo.* Hakusema.

Judica akamfuata.  Sufuria ya sosi ilikuwa bado jikoni, inang'aa vile vile.

"Wifi..."

"Funga mlango, watasikia."

"Nyamizi, ile firigisi..."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nilipoingia na mkaa, mdomo wako ulikuwa unang'aa. Mpaka sasa una sosi kwenye kola."

Judica akaangalia kola ya gauni lake. Tone jeusi limekauka.

Jamani, kuna aibu ya kukamatwa, na kuna aibu ya kujua kwamba ulishakamatwa zamani na mtu akakusitiri. Hii ya pili haina pa kushika. Judica alitamani Nyamizi amzabe kofi.

"Kwa nini hukusema?"

Nyamizi alikuwa anasuuza kisahani kile kile.

"Mimi jina hilo nimeshalizoea. Wewe baba anakusifu kila kijiji. Ningesema mimi, ungeumia." Akaweka kisahani chini. "Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe."

Hakulia wakati anasema hivyo, na hiyo ndiyo iliyomkata Judica maini. Mtu huyu alifika kwake akiwa na jina moja tu la kumtesa, na yeye, aliyemfungulia mlango na kumwita mdogo wangu, ndiye aliyemgongea jina hilo msumari.

Akachukua sufuria ya sosi. Akaingia nayo sebuleni. Mzee alikuwa ameshashika fimbo yake, anataka kuondoka.

Judica akapiga magoti mbele yake.

"Baba, firigisi nimekula mimi."

Mihayo akaduwaa. "Wewe Judica, unasema nini?"

"Nilikuwa naonja sosi. Nikaimaliza. Nyamizi aliniuliza nikamwambia imo kwenye nyama. Baba ulipouliza nilisikia, nikanyamaza. Hana kosa lolote."

Mzee akaegemea fimbo yake.

"Kula ni kula. Kwa nini ulinyamaza?"

"Niliogopa."

"Mimi nauma?"

"Niliogopa nisiitwe jina mnalomuita yeye."

Mzee akafungua mdomo ajibu. Kabla hajasema neno, kilisikika kilio.

Hakikuwa cha Nyamizi.

Alikuwa Yakobo. Mwanaume mzima, kofia ameiminya mikononi, machozi yanamchuruzika.

"Na mimi baba... Na ile nyama ya Migato."

"Ile nyama imefanyaje?"

"Niliila mimi."

Kimeumana.

"Nilitoka shamba na njaa, mama hayupo, nikafunua sufuria. Mama alipopiga kelele nikaona aibu, mwanaume mzima kudokoa chungu cha mama. Nikajua atalaumiwa mtoto yeyote wa jirani. Akatajwa mke wangu. Nikasema yatapita. Hayakupita."

Mzee Jilala akakaa chini. Fimbo ikaanguka, hakuiokota.

"Nyamizi, njoo hapa."

Nyamizi akaja, mikono ina povu la sabuni.

"Ulijua kwamba ni huyu?"

"Nilimkuta anajifuta mdomo, baba."

"Na ukakubali kuitwa mdokozi?"

"Ni mume wangu. Nilikuwa namngoja aseme mwenyewe."

Judica aliposikia maneno hayo kwa mara ya pili aliinamisha kichwa mpaka kikagusa mkono wa kochi. Huyu binti alikuwa amengojea Migato, akaja kungojea Bariadi, na sehemu zote mbili watu wanaompenda walimwangalia tu.

"Binti yangu," mzee akasema. "Na mimi ni wa tatu. Sikukuuliza mara mbili."

Kisha akamgeukia Yakobo.

"Migato utarudi peke yako. Mama yako alimwita mdokozi mbele ya majirani. Utasimama mbele ya majirani hao hao useme ulichosema hapa. Ukishamaliza, uje umuulize mwenyewe kama anakutaka. Mimi simrudishi mtu tena."

"Na mimi, baba?" Judica akauliza.

Mzee akachovya kidole kwenye sufuria. Akalamba.

"Tamu. Lakini nyumba hii sitakula kuku mpaka aniite Nyamizi."

Akaondoka na njaa yake. Yule jogoo hakuna aliyekuwa na hamu naye, akapelekwa kwa jirani na sosi yake yote.

Wiki zilizofuata, msinione mkali, zilikuwa halali yake Judica. Nyamizi hakununa. Alipika, alideki, alimsalimia. Ila hakuuliza tena, "Wifi, hiki kinaitwaje?" Judica alikuwa akiingia jikoni anatoka.  Alimwomba msamaha asubuhi, alimwomba jioni, na kila mara alijibiwa, "Yameisha, wifi." Lakini yalikuwa hayajaisha, na wote wawili walijua.

Pamba ilipoanza kuvunwa, Mama Esteria akaja mwenyewe kutoka Migato. Yakobo yuko nyuma yake, na jogoo mwingine.

Mama yule hana maneno mengi. Alimkuta Nyamizi uani anafua, akamshika mikono yote miwili yenye sabuni.

"Mikono hii niliisingizia. Majirani wameshaambiwa. Nimekuja nikuambie na wewe."

Nyamizi alilia siku hiyo. Yale machozi ya tangu msimu wa kupanda, yote.

Halafu akajifuta, akaita.

"Wifi! Lete ile chupa yako nyeusi. Leo hiyo sosi naipika mimi. Na mpigie baba."

Judica alimpa vitu kimoja kimoja wakati Nyamizi anakoroga unga wa muhogo. Mzee akafika. Kuku akaja mezani, mweusi, anang'aa. Na juu kabisa, firigisi, nzima.

Mzee akaichukua. Hakula. Akaiweka kwenye sahani ya Nyamizi.

"Hii ni yako."

Nyamizi akaiangalia. Akachukua kisu, akakata kipande chembamba, akakichovya kwenye sosi. Akamnyooshea Judica mbele ya watu wote.

"Onja, wifi. Uniambie kama sukari imetosha."

Judica akapokea kwa mikono miwili. Akatafuna. Ilikuwa laini kabisa. Aliimeza na machozi.

"Imetosha," akasema.

"Haya. Sasa yameisha."

Kesho yake Nyamizi alirudi Migato na mume wake. Chupa ya soya sosi alikwenda nayo, nasikia mama mkwe sasa hali kuku mweupe, asiye na sosi hiyo.

Nimemaliza. Sasa komenti iko wazi, tukana unayetaka. Ila kabla hujamtukana Judica, fikiri kidogo kama kuna mtu mahali fulani amebeba jina ambalo ni lako. Ukimwona amenyamaza usidhani hajui. Anakungoja useme mwenyewe.